Matembezi ya ndege wawindaji Sabaki na Sokoke: pesa yangu ilienda mahali pazuri

Nianze na jibu kabisa kwa wenye haraka: endeni. Kama unakaa Malindi, Watamu, Gede, ama unashuka kutoka Lamu kwa shughuli zako na umepata nafasi ya siku moja, tafuta hawa vijana wa ndege uende nao, na kama una watoto ndio usikose kabisa. Nasema hivi kwa sababu miaka yote sisi wenyeji tunaona magari ya watalii yakiingia Sokoke alfajiri na tunajiambia ile si shughuli yetu, ile ni ya wageni na kofia zao, na mle ndani kuna mambo ambayo mtoto wa Malindi anafaa ayajue kabla ya mtu wa Uholanzi.

Huduma yenyewe iko hivi. Ni vijana wa vijiji vya kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, kazi yao ni kuongoza watu wanaopenda ndege, na sasa wametoa matembezi ya ndege wawindaji peke yake, yaani tai, mwewe, kozi, kipanga, furukombe na bundi, basi. Videge vyengine vya rangi rangi mtaviona njiani lakini sivyo vilivyowatoa nyumbani. Asubuhi mnaanzia mdomo wa mto Sabaki, jua likipanda mnaingizwa kwa probox mpaka msituni upande wa Gede, na wanaotaka bundi wanabaki mpaka magharibi. Na katikati ya hayo yote yule kaka anayewaongoza anawahadithia wale ndege majitu waliotoweka duniani, tai ambao leo wamebaki mifupa tu, na kila akimaliza mmoja anawaonyesha jamaa yake aliye hai, ama anawaambia mkamtafute wapi. Hapo ndipo mimi niliponaswa. Waongozaji wengi wanakuonyesha ndege, wanakutajia jina, mnasonga. Huyu anakuambia huyu ndege ni mtoto wa nani, na ukoo wake umepitia nini.

Wacha nieleze ile ya kamba maana watoto mpaka leo wanaiongea. Pale Sabaki maji yalikuwa yametoka, mchanga mtupu mpaka mbali, huku furukombe anazunguka juu ya mdomo wa mto akitafuta mkizi wake wa asubuhi ama chochote kitakachojileta juu, na kaka akatoa kamba kwenye begi, kamba ya kawaida ya mashua, imefungwa vitambaa vya rangi. Mpwa wangu mdogo akapewa ncha ashike, mwengine akaambiwa atembee nayo polepole. Kitambaa cha kwanza, mita 1.3 hivi, hapo ndipo mabawa ya tai wa Wahlberg yanapoishia yakifunguliwa, huyu ni tai wetu mdogo wa kahawia. Haya, songa. Cha pili mita 1.7, tai mwenye taji wa msituni. Songa tena. Mita 2.6, na hapo kaka akanyamaza kidogo halafu akasema huyu hayuko tena, huyu ni tai wa Haast wa Nyuzilandi, na wako wanaosema majike yalifika mita 3. Kitambaa kinachofuata ni kondori wa Andes, yule mla mizoga mkubwa wa milima ya Amerika Kusini, mita 3.2, huyu yuko hai. Mtoto akazidi kwenda, akazidi kwenda, mamake anamuita asiingie majini, ndio kamba ikakaza. Mita 6 na nusu. Argentavis. Sote tukawa tunaangalia ile kamba chini hatuongei.

Argentavis aliishi Argentina miaka milioni 6 hivi iliyopita, wataalamu wawili wanaoitwa Campbell na Tonni ndio waliompa jina 1980, na uzito wake unakadiriwa kilo 70, yaani uzito wangu mimi na wewe, lakini anaruka. Makadirio ya zamani yalisema mabawa yalifika mita 7 hata kupita, siku hizi wengi wanashusha, na kaka alisema kamba yake ameikata mita 6 na nusu makusudi ili asiwaongopee watoto, jambo ambalo nilimheshimu sana kwa sababu kuongeza chumvi ni rahisi na hakuna ambaye angemkamata. Sasa ndege wa kilo 70 anapaaje? Kupiga mabawa tu hadi ainuke kutoka chini haiwezekani, misuli haitoshi. Hesabu zilizofanywa 2007 zinaonyesha alitegemea upepo unaopanda kwenye miteremko ya Andes na hewa ya moto inayopanda juu ya nyika, alikuwa anasubiri upepo wake kama jahazi linavyosubiri kusi, akiupata anafungua mabawa anachukuliwa, masaa na masaa bila kupiga hata bawa moja. Mzee mmoja wa Mambrui aliyekuwa nasi kwenye kundi, mvuvi wa zamani, alielewa hapo hapo kabla yetu sote, akaanza kumuuliza kaka maswali ya upepo mpaka tukachelewa.

Nikauliza, na hapa kwetu jamaa zake ni kina nani? Hana. Jamaa zake waliobaki ni kondori na wenzao wa Amerika. Tumbusi wetu wanafanana nao sana, ule upara, ile shingo, ile kazi ya kula mizoga, lakini ukoo ni mwengine kabisa, tumbusi wa Afrika ni watu wa tai. Wametokea kufanana kwa sababu ya kazi. Ila tumbusi wetu nao wana mkubwa wao aliyepotea, tai mmoja wa Australia aliyetangazwa na wataalamu 2023 tu, Dynatoaetus, mifupa yake ilitoka kwenye pango moja kusini mwa Australia, mabawa mpaka mita 3, na walipomchunguza wakaona yuko karibu na tumbusi wa huku Afrika na Asia kuliko tai wa kwao wa sasa. Hii habari peke yake kwangu ilitosha kiingilio.

Sasa tuje kwa mwenyewe, tai wa Haast, maana huyu ndiye roho ya matembezi haya na ndiye aliyenifanya niandike. Nyuzilandi kabla ya watu kufika haikuwa na wanyama wa nchi kavu wanaonyonyesha isipokuwa popo. Hakuna simba, hakuna chui, hakuna fisi, hakuna swala. Ile kazi ya swala ilifanywa na ndege wasioruka wanaoitwa moa, wengine wadogo wadogo na wengine wakubwa kupita mbuni, kilo 200 na zaidi. Na kazi ya chui? Ikachukuliwa na tai. Majike ya tai wa Haast yalikuwa na kilo 10 mpaka 15, wakati tai wazito kabisa walio hai leo, kina tai harpi wa Amerika Kusini na tai bahari wa Steller wa kule Urusi, wanafika kilo 9 hivi. Mifupa ya kwanza ilipatikana 1871 kwenye kinamasi cha Glenmark, wakichimba mifupa ya moa, na mtaalamu Julius von Haast akaandika habari zake. Na ushahidi kwamba alikuwa anaangusha moa upo kwenye mifupa ya moa wenyewe, nyonga zina matundu ya kucha, kucha zimepenya mpaka ndani ya mfupa. Fikiria nguvu za mguu huo.

Uchunguzi wa fuvu lake wa 2021 ukaongeza jambo: aliua kama tai, lakini alikula kama kondori, kichwa kinaingia ndani ya mzoga kinavuta vitu vya ndani, na Wamaori wa zamani, wenyeji wa Nyuzilandi, walimchora ndani ya pango, mwili mweusi kichwa bila rangi, na hilo wataalamu wamelishika sana, huenda kweli kichwa kilikuwa upara.

Mpwa wangu akauliza swali ambalo kila mtoto atauliza: "Anko, angeweza kubeba mtoto?" Kaka akamjibu kwa utaratibu, hakucheka wala hakumtisha. Kubeba hapana, tai hawezi kupaa na mzigo mzito kumshinda, lakini kuua mtoto angeweza, na Wamaori wana masimulizi ya Pouakai, ndege mkubwa aliyeshambulia watu. Halafu akasema na hata huku Afrika ilishawahi kutokea, nitaifikia hiyo.

Kilichonipiga ni DNA. Wataalamu walipoitoa kwenye mifupa, 2005, kila mtu alitarajia jitu hili liwe ndugu wa tai wakubwa wa Australia. Wapi! Ndugu zake wa karibu ni tai wadogo kabisa, mmoja anaitwa tai mdogo wa Australia, hata kilo 1 kamili mara nyingi hafiki, na mwengine ni tai wa Ulaya na Asia ambaye huku kwetu anakuja kukimbia baridi kuanzia Oktoba. Yaani tai mdogo aliwahi kupeperuka mpaka visiwani, akakuta nyama nyingi na hakuna mshindani, na ndani ya miaka milioni 1 au 2 hivi, ambayo kwa mambo haya ni muda mfupi, uzao wake ukakua mara kumi mpaka kumi na tano. Jenasi yao, yaani lile kundi la ndugu wa karibu, inaitwa Hieraaetus. Na Hieraaetus, jamani, iko Sokoke. Tai wa Wahlberg ni Hieraaetus. Tai wa Ayres, kale kenye kifua cheupe chenye madoa meusi kanachojificha juu ya miti mirefu, ni Hieraaetus.

Kwa hivyo tulipofika msituni, sehemu ya miti ya mirihi ambapo miti imeachana na mbingu inaonekana, na kaka akanyoosha mkono akasema "yule pale, Wahlberg," mimi sikuona kitai cha kahawia cha kawaida tena. Nilikuwa namuona huyo ndege miaka nenda rudi nikidhani ni mwewe. Akazunguka pale juu mkia umebanwa mabawa yamenyooka kama ubao, huo ndio mtindo wake wa kumtambua kaka alitufundisha, mkia mwembamba umefungwa, mwewe mkia wake unapinda pinda kila saa. Tulimuangalia mpaka akapotea upande wa Dida. Ayres hatukumpata siku hiyo na hakuna aliyetudanganya kwamba tumempata, hilo nalo naliweka kwenye mazuri yao.

Sokoke kwa wasioijua vizuri ndio kipande kikubwa kabisa kilichobaki cha msitu wa asili wa pwani Afrika Mashariki, kilomita za mraba 420 hivi. Nasema kilichobaki. Msitu huu ulikuwa umeunganika na mwengine zamani.

Huko ndani ndio tukaenda kwa tai mwenye taji. Huyu hatukumuona kwa macho lakini tulimsikia, sauti ya filimbi inapanda inashuka kutoka juu sana, na kima wakanyamaza wote kwa pamoja, ule ukimya ulinisimamisha nywele. Anakula kima na paa, na mwenyewe hafiki hata kilo 5. Jamaa yake aliyepotea aliishi hapo ng'ambo tu, Bukini, ndio Madagascar ya leo. Stephanoaetus mahery, alitangazwa 1994 na mtaalamu anaitwa Goodman, alikuwa mkubwa kuliko huyu wetu na inaaminika alikula kima wa Bukini, wale lemuri, wakiwemo wakubwa ambao nao wamekwisha. Ametoweka karne chache tu zilizopita, watu walikuwa tayari wanaishi kisiwani na majahazi ya pwani hii yanaenda na kurudi. Kuna babu wa mtu wa Lamu huenda alimuona huyo ndege juu ya kichwa chake.

Na hapa kaka akagusa habari ya rukh, yule ndege wa hadithi za mabaharia anayebeba tembo, ambaye hata Marco Polo alimuandika kwamba yuko Bukini. Sisi tuliokulia Lamu hii tumelala nayo tukiwa wadogo. Alichoeleza ni kwamba Bukini kweli kulikuwa na ndege mkubwa ajabu, ndege tembo, yai lake moja linaingia lita 8 na zaidi, lakini hakuwa mwindaji na hakuruka, alikula majani na matunda. Inawezekana mabaharia waliona mayai yale wakajiuliza mama mtu anafananaje. Mzee wa Mambrui hapo akaongeza yake, sitaiandika yote, ila ilikuwa tamu.

Ile ya mtoto kuuliwa na tai ndio hii. Afrika Kusini, 1924, lilipatikana fuvu la mtoto wa viumbe wa kale wa ukoo wetu wanadamu, wanamuita mtoto wa Taung, na mtaalamu Raymond Dart akalitangaza mwaka uliofuata. Miaka mingi watu walidhani aliliwa na chui. 1995 wataalamu Berger na Clarke wakasema hapana, huyu aliuliwa na tai, na baadaye alama ndani ya matundu ya macho zikalinganishwa na mafuvu ya nyani walioliwa na tai mwenye taji wa sasa, zikafanana. Kaka aliieleza hii tukiwa tumesimama chini ya mti ambao juu yake ndege wa aina hiyo hiyo ametoka kulia. Watoto walisogea karibu na mama zao bila kuambiwa. Mimi pia nilimshika wangu mkono.

Kuna ya ndege wa kutisha wa Amerika Kusini, wasioruka, wanaoitwa forusrakidi, hii aliieleza tukiwa njiani kwenye gari na nafikiri ingestahili muda zaidi. Mmoja wao, Kelenken wa Patagonia, fuvu peke yake lina sentimita 71, mdomo kama shoka. Ukiangalia karani tamba wa Tsavo, miguu mirefu, anatembea nyikani anapiga nyoka mateke, unaweza kuapa ni mjukuu wao. Si mjukuu wao. Karani tamba ni wa upande wa tai na mwewe, teke lake limepimwa, linafika mara tano ya uzito wake mwenyewe na linagusa na kuondoka ndani ya milisekunde 15, lakini ukoo ni mbali. Jamaa wa kweli wa yale majitu ni ndege wa Brazil na Argentina anaitwa seriema, na nyuma zaidi ya hapo, shikeni viti, kozi na kasuku. Ndio, kozi si ndugu wa tai. DNA imeonyesha kozi yuko karibu na kasuku kuliko tai. Kwa hivyo wale kozi wadogo wa Amur wanaopita pwani hii Novemba na Disemba wakitoka kule Siberia na China, wamevuka bahari nzima kutoka India wakiwa na gramu 150 tu, wana uhusiano wa karibu zaidi na yale majitu ya Patagonia kuliko tai yeyote wa Sokoke. Kama unataka karani tamba, kaka anasema twende Tsavo Mashariki kupitia lango la Sala, barabara inatoka hapa hapa Malindi, lakini hiyo ni safari nyengine na bei nyengine.

Bundi. Najua wengi wenu mtaniuliza kwa nini nimelipa pesa kumtafuta bundi, mtu mzima na akili zangu. Huku kwetu bundi akilia juu ya nyumba watu wanatoa mawe, na mimi nimeona bundi ameuliwa kwa mawe mchana watoto wakishangilia. Nenda umuone bundi wa Sokoke halafu uniambie. Ni kadogo, urefu sentimita 16 mpaka 18, uzito gramu 50 hivi, kanaingia kwenye kiganja. Wataalamu wamemjua tangu 1966 tu na duniani yuko hapa Sokoke, Dakatcha huko nyuma ya Marafa, na misitu ya chini ya Usambara Tanzania, kwisha. Yuko kwenye hatari ya kutoweka. Tulimkuta kwenye vichaka vya sehemu ya ardhi nyekundu, wawili wamebanana kwenye kitawi kimoja, macho ya manjano yamefumbuka nusu. Halafu kaka akatusimulia jitu la bundi, Ornimegalonyx wa Kuba, urefu mita 1 na zaidi, miguu mirefu mizito, inaonekana alikuwa mtu wa kukimbia zaidi ya kuruka. Jamaa zake wa karibu ni bundi wa misitu, na mmoja wa ukoo huo, yule wa kahawia mwenye macho meusi, tulimsikia magharibi ilipoingia, anaita na mwenzake anamjibu. Wapwa zangu sasa hawatupi jiwe. Hiyo peke yake.

Sasa nitoe na kasoro maana huduma ni nzuri lakini kasoro ziko na wanazirekebisha tu wakitaka.

Darubini ni chache. Tulikuwa kundi zima na darubini mbili, moja kioo kimeingia unyevu, ndege anapita dakika moja na watu saba wanaomba kuangalia, wadogo wanakosa. Kwa bei wanayotoza wanunue hata mbili za mitumba. Kiingilio cha msitu hakimo kwenye bei na sisi hatukuambiwa mpaka tuko getini, mama mmoja alikuwa na watoto wanne ilimbidi aanze kupiga simu atumiwe pesa, haikuwa haki, wakuambie kabla. Mwenyeji kiingilio chake ni nafuu lakini beba kitambulisho. Picha za wale ndege majitu wamezichapisha kwenye karatasi ndogo za plastiki na maandishi yote ni Kiingereza, wakati kaka mwenyewe anaeleza kwa Kiswahili kizuri na akina bibi aliwageuzia Kigiriama, kwa nini karatasi zisiwe vile vile? Halafu chakula hakuna. Tulipita Gede tukala mahamri na mbaazi kwa pesa zetu, vizuri tu, ila kama una mtoto mdogo beba kitu na maji mengi.

Bei walitutoza shilingi 1,500 mtu mzima na 500 mtoto, probox ndani. Kuna watakaosema ni ghali kwa kuangalia ndege. Mimi naona si ghali. Mkilinganisha na pesa ya mtu kukodi boti nusu siku ni ndogo, na hii inabaki kijijini kwa watu ambao wakikosa kazi hii njia iliyobaki ni kukata mirihi wachome makaa. Kwa huyo kijana mti uliosimama ni kazi ya kesho.

Na kuna jambo alilisema bila kulivutia sauti, likanikaa. Wamaori walifika Nyuzilandi kama 1300 hivi. Walikula moa, kama mtu yeyote mwenye njaa angekula. Ndani ya miaka 100 na kitu moa wote wamekwisha, na tai aliyewategemea akaenda nao. Hakuna aliyeamka asubuhi akasema leo namaliza tai. Kaka akatuambia huku kwetu paa wa Sokoke wanawindwa kwa mitego ya waya, kima wanafukuzwa mashambani, na tai mwenye taji anakula hao hao. Tumbusi nao bara huko wanakufa kwa makundi kwa sababu ya sumu, mfugaji ameliwa ng'ombe na simba, anamwaga sumu ya shambani kwenye mzoga, simba mmoja anakufa na tumbusi wengi wanalala naye. Tumbusi wa Ruppell na wenye mgongo mweupe sasa wako kwenye kundi la hatari kubwa kabisa. Nilikuwa najua sumu inaua. Sikuwa najua inamaliza ukoo.

Kwa anayepanga: Oktoba mpaka Machi ndio wakati mzuri, wageni wa kaskazini wako na Wahlberg wako. Masika msijisumbue, njia za msituni zinakuwa tope na siafu. Vaeni nguo zisizong'aa, viatu vya kufunika, suruali ndefu hata wanawake chini ya dera. Semeni mapema kama mna mzee asiyeweza kutembea sana maana pale Sabaki mchanga ni mzito, sisi mzee wetu walimtafutia kiti na mtu wa kumshika mkono na hawakumharakisha hata kidogo. Na mkiwa na watoto ombeni kamba wenyewe, kuna siku kundi likiwa la watu wazima tupu haitolewi. Ya bundi inalipwa mbali na inataka watu wachache, wasizidi wanne, kwa hivyo wekeni nafasi kabla ya siku yenyewe, na simu zizimwe mwanga kabisa mkishaingia kichakani.